Kinachofaa Kukaa Kwenye Menyu ya Pembeni

Hotuba kwa wasanidi programu vijana, Mwanza

Ndugu mwenyekiti wa kikao, walimu mlioambatana na wanafunzi wenu, vijana wenzangu mnaoandika programu: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa niwaonyeshe namna ya kuweka menyu ya pembeni, ile orodha inayojitokeza ubavuni mwa skrini mtu anapobonyeza vistari vitatu, kwenye programu ya simu iliyoandikwa kwa Flutter, ambayo kwa msimbo mmoja hutoa programu ya Android na ya iPhone. Nitafanya hivyo, na haitachukua muda mrefu, maana kuiweka ni kazi ya mistari michache. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye swali ambalo wengi wetu tunalipita: nini kikae ndani ya menyu hiyo, na nini kisikae. Programu nyingi tunazozitengeneza zinawachosha watu kwa sababu tulianza kuchora menyu kabla ya kujiuliza mtu ataifungua programu ile ili afanye nini.

Tushike mfano mmoja. Tuseme SACCOS ya walimu imetuomba programu. Mwanachama anataka kuona akiba na hisa zake, kuomba mkopo, kujua deni lililobaki, na kulipa rejesho. Hayo ni mambo manne, na ndiyo yanayomfanya aipakue programu. Mara mojamoja atataka pia kubadilisha mdhamini, kusoma masharti ya chama, kuangalia taarifa ya mkutano mkuu, kubadili lugha, kubadili namba ya siri, kuomba msaada, na kutoka kwenye akaunti. Jumla yake 11.

Kishawishi ni kuyapanga yote 11 kwenye menyu ya pembeni, kuweka vistari vitatu juu ya skrini, na kuhesabu kwamba kazi imekwisha. Skrini inabaki safi na mteja anafurahi siku ya kuonyeshwa. Lakini mwalimu aliyefungua programu mwisho wa mwezi kuangalia rejesho lake anaona jina lake, nembo ya chama, na nafasi tupu. Deni lake liko nyuma ya vistari vile, na hakuna aliyemwambia kwamba vistari vile ni mlango.

Alama hiyo si ya jana. Ilichorwa na msanifu Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981, ikionyesha orodha iliyokunjwa. Ilikaa kimya miaka mingi, kisha simu za kugusa zikaifufua, kwa kuwa skrini ni ndogo na kila mtu alikuwa anatafuta pa kuficha viungo vyake. Mwaka 2013 Google waliwapa wasanidi wa Android menyu ya pembeni iliyokwisha kutengenezwa, DrawerLayout, na haikuchukua muda ikaenea kila mahali. Mwaka huohuo Facebook, ambao programu yao ya iPhone ilikuwa imeizoesha dunia menyu ile, waliiondoa huko na kushusha sehemu kuu kwenye upau wa chini wa skrini. Mwaka 2014, katika mkutano wa wasanidi wa Apple, Mike Stern wa Apple aliwaeleza wasanidi kinagaubaga kwa nini waachane na menyu hiyo kama njia kuu ya kuzunguka ndani ya programu. Na mwaka 2016 Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza jinsi watu wanavyotumia programu na tovuti, wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba menyu iliyofichwa hutumiwa mara chache kuliko iliyo wazi, na kwamba watu huchelewa zaidi kumaliza walichokijia. Kisichoonekana hakikumbukwi.

Pamoja na hayo, sisemi tuizike menyu ya pembeni. Mwenye duka huweka sukari, unga na sabuni mkono unapofika, na mabomba ya maji huyaweka nyuma. Hajayatupa mabomba, anajua tu yanaulizwa mara ngapi. Menyu ya pembeni ni ya mambo yanayoulizwa mara chache. Yale manne ya kila siku tunayaweka kwenye upau wa chini, ambao kwenye Flutter ni wijeti (kipande cha kujengea skrini) ya NavigationBar, na mwongozo wa usanifu wa Google unausema kuwa wa sehemu 3 hadi 5. Yale saba yaliyobaki ndiyo yanayoingia pembeni. Ukiwa na programu ya mambo manne tu, basi huhitaji menyu ya pembeni kabisa, na usiiweke kwa sababu umeiona kwa wenzako.

Sasa msimbo. Ukurasa wowote wa Flutter wenye Scaffold, kile kiunzi cha ukurasa, una nafasi iitwayo drawer. Ukiweka wijeti ya Drawer hapo, mambo matatu yanatokea bila wewe kuandika neno: kitufe cha vistari vitatu kinajitokeza chenyewe kwenye AppBar (upau wa juu wa ukurasa), menyu inaweza kuvutwa kwa kidole kutoka ukingoni, na menyu ikiwa wazi, kitufe cha kurudi nyuma cha Android kinaifunga menyu kwanza kabla ya kuondoka kwenye ukurasa. Hiki hapa kipande nilichokionyesha ukutani:

```dart
Drawer(
  child: ListView(
    padding: EdgeInsets.zero,
    children: [
      const DrawerHeader(child: Text('SACCOS ya Walimu')),
      ListTile(
        leading: const Icon(Icons.people),
        title: const Text('Wadhamini wangu'),
        onTap: () {
          Navigator.pop(context);
          Navigator.push(
            context,
            MaterialPageRoute(
              builder: (_) => const UkurasaWaWadhamini(),
            ),
          );
        },
      ),
    ],
  ),
)
```

Angalieni ndani ya onTap, yaani kinachofanyika mtu akigusa. Kuna pop, inayoondoa kilicho juu, kisha push, inayofungua ukurasa mpya. Ile pop ya kwanza inafunga menyu. Ukiisahau, ukurasa wa wadhamini utafunguka vizuri na utadhani kila kitu kiko sawa, lakini mwanachama akirudi nyuma ataikuta menyu imebaki wazi vilevile, imefunika sehemu kubwa ya skrini, naye anaanza kujiuliza amebonyeza nini. Andika pop kwanza, kila mara.

Angalieni pia ListView. Wengine huweka Column, ambayo hupanga vitu wima bila kusogea, kwa sababu vitu ni vichache. Kwenye simu iliyosimama wima yote yanaenea. Mtu akiilaza simu, au akikuza maandishi kwenye mipangilio ya simu yake, Column inafurika, na ukiwa bado unatengeneza utaona zile alama za mistari ya njano na nyeusi chini. Kwa mtumiaji alama hizo hazionekani. Yeye anakosa tu kitufe cha mwisho, ambacho kwetu ni cha kutoka kwenye akaunti. ListView inasogea, na tatizo halipo. Ile padding ya sifuri ni ya kuifanya sehemu ya juu ya menyu ifike hadi nyuma ya upau wa saa na betri, bila ufa mweupe.

Ukitaka kuifungua menyu kwa kitufe chako mwenyewe, tumia Scaffold.of(context).openDrawer(). Hapo wengi hupata kosa linalosema kwamba context, yaani mahali wijeti ilipo, haina Scaffold. Sababu ni kwamba umetumia context ya wijeti iliyoijenga Scaffold, na hiyo iko juu ya Scaffold, haiko ndani yake. Kizungushie kitufe chako wijeti ya Builder, au kitoe kiwe wijeti inayojitegemea, na kosa litaondoka.

Hayo ndiyo ya kuweka. Nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta, maana hapa ndipo msimbo mmoja unapokutana na simu mbili zenye tabia tofauti.

Tuseme umeitoa Drawer iwe wijeti yake, ukaiweka kwenye kila ukurasa: nyumbani, wadhamini, masharti, msaada. Inaonekana kuwa ni ukarimu, kwamba mtu aifikie menyu popote alipo. Lakini AppBar ya Flutter ina utaratibu wake: ikiona ukurasa una drawer, inaweka vistari vitatu, na ule mshale wa kurudi nyuma hauwekwi. Mwanachama mwenye Android ataingia kwenye ukurasa wa wadhamini na kurudi kwa kitufe cha simu yake, asione tatizo. Mwanachama mwenye iPhone hana kitufe hicho. Anategemea mshale, na mshale umeliwa na menyu. Kilichobaki kwake ni kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto.

Na ukingo huo una mgogoro. Eneo ambalo Flutter inalisikiliza ili kuvuta menyu lina upana wa 20, kwa vipimo vya Flutter vyenyewe. Eneo ambalo inalisikiliza kwa ajili ya kurudi nyuma kwa mtindo wa iPhone nalo lina upana wa 20, upande uleule. Kidole kimoja, ukanda mmoja, amri mbili. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu za Android nazo zina njia ya kurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wowote wa pembeni, na mtu aliyeiwasha akijaribu kuivuta menyu mara nyingi simu itamrudisha nyuma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ninausimamia: drawer ikae kwenye ukurasa wa juu tu, ule wenye upau wa chini. Kurasa anazozifikia mtu kwa kuingia ndani zisiwe nayo, ziwe na mshale wa kurudi. Na usimtegemee mtu aijue njia ya kuvuta, kitufe kionekane. Kama kuvuta kunaleta vurugu, zima kwa kuweka drawerEnableOpenDragGesture kuwa false.

Kuna na suala la marundo ya kurasa. Kwa zile sehemu kuu nne, usitumie push. Kila push inaweka ukurasa mpya juu ya uliopita. Mtu akienda akiba, mikopo, akiba, malipo, akiba, ana rundo la kurasa tano, na akitaka kutoka atabonyeza kurudi nyuma huku akipitishwa upya kote alikopita. Sehemu kuu zibadilishwe mahali palepale, kwa IndexedStack ambayo inakumbuka kila sehemu iliachwa wapi. Hilo lina faida kubwa kwa fomu ya mkopo. Mwombaji ameandika kiasi na muda, anakwenda kuangalia akiba yake ili ahakikishe, anarudi, na maandishi yake yapo.

Niseme juu ya upana. Drawer ya Flutter ina upana wa 304 kwa kawaida yake. Kwenye simu yenye upana wa 360, inabaki nafasi ya 56 pembeni, inayoonekana kama kivuli, na mtu akigusa hapo menyu inafunga. Vizuri. Lakini wapo watu wanaokuza maonyesho ya simu zao nzima kwa sababu ya macho, na hao katika SACCOS ya walimu, yenye wastaafu ndani yake, hawatakosa. Ukikuza hivyo, upana ambao programu inauona unapungua, labda ukafika 320, na hapo kivuli kinabaki na 16 tu. Kidole gumba hakiingii katika 16; mwongozo wa Android unataka sehemu ya kugusa iwe angalau 48. Mtu anaifungua menyu na hapati pa kuifungia. Dawa yake ni mstari mmoja: chukua upana wa skrini, toa 56, na kama jibu ni chini ya 304 tumia hilo.

Na lugha yetu inataka nafasi. "Taarifa ya mkutano mkuu" ni maneno marefu kuliko anayoyaweka Mwingereza mahali hapo. Usiyakate kwa nukta tatu. Acha yashuke mstari wa pili, au tafuta jina fupi ambalo wanachama wenyewe hulitumia. Waulize. Wao ndio wanaojua kama husema "marejesho" au "makato".

Sasa ile sehemu ya juu ya menyu, yenye rangi na jina. Flutter inayo UserAccountsDrawerHeader, iliyotengenezwa kwa ajili ya jina, barua pepe na picha. Nimeona programu zinazoongeza hapo salio la akaunti, kwa nia njema kabisa. Nawaomba msifanye hivyo. Simu kwetu haikai mkononi mwa mtu mmoja. Mtoto anaichukua kucheza, jirani anaiazima kupiga, fundi anabaki nayo siku nzima. Akiba ya mtu ni siri yake, na ndoa ngapi na undugu wa ngapi vimetikisika kwa sababu ya tarakimu iliyoonekana na asiyetakiwa kuiona. Weka jina la kwanza na nembo ya chama. Salio likae kwenye ukurasa wa akiba, limefichwa, na mwenyewe aguse kitufe ili lionekane.

Kitufe cha kutoka kwenye akaunti kikae mwisho, kitenganishwe na vingine kwa Divider, na kiulize mara moja kabla ya kutekeleza. Ukurasa alipo mtu uonekane kwenye menyu kwa kuweka selected kuwa true kwenye ListTile yake. Hayo hayahitaji maelezo mengi.

Mwaka 2021 Flutter iliimarisha upande wa wavuti, na 2022 upande wa Windows. Maana yake katibu wa chama anaweza kuifungua programu hiihii kwenye kompyuta ya ofisini. Usimletee vistari vitatu kwenye skrini ya upana wa 1,366, nafasi anayo. Pima upana kwa LayoutBuilder. Chini ya 600, upau wa chini na menyu ya pembeni kama tulivyosema. Kuanzia 600, ambayo ndiyo vishikwambi vingi, tumia NavigationRail, ule upau mwembamba unaosimama pembeni ukiwa na ikoni. Kuanzia 840, menyu nzima ibaki wazi muda wote. Mipaka hiyo ni ya mwongozo wa usanifu wa Google, na inafanya kazi vizuri.

Kwa mnaotengeneza programu zitakazofika Muscat au Dubai, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili wenye simu zilizowekwa Kiarabu: neno drawer kwenye Flutter halimaanishi kushoto. Linamaanisha upande ambako maandishi yanaanzia. Programu yako ikiunga mkono Kiarabu na simu ikiwa kwenye Kiarabu, menyu itatokea kulia yenyewe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kinachoharibika ni nafasi ulizozipanga kwa left na right. Tumia EdgeInsetsDirectional yenye start na end, na menyu itageuka yote bila kuvunjika.

Wapo hapa wanaotumia zana nyingine, nisiwasahau. Kwenye React Native mtaikuta kwenye React Navigation, kwa jina la drawer navigator. Kwenye .NET MAUI inaitwa FlyoutPage, ambayo zamani za Xamarin.Forms ilikuwa MasterDetailPage. Kama bado una programu ya Xamarin, Microsoft walisitisha kuihudumia Mei 2024, basi anza kuihamisha. Lakini swali la nini kikae ndani ya menyu halibadiliki kwa sababu umebadilisha zana.

La mwisho ni kuhusu wasioona. Kile kitufe ambacho AppBar inakiweka yenyewe kina maelezo yanayosomwa kwa sauti na TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone. Ukiweka flutter_localizations, kifurushi cha tafsiri cha Flutter, na kuitaja lugha ya sw, yaani Kiswahili, kwenye supportedLocales, simu iliyowekwa Kiswahili itapewa maelezo hayo kwa Kiswahili, maana timu ya Flutter ilikwisha kuyaweka tayari. Usipofanya hivyo, mwalimu asiyeona, anayetumia simu yake kwa Kiswahili kila siku, ataletewa Kiingereza katikati ya skrini yake. Na ukichora kitufe chako mwenyewe kwa IconButton bila tooltip, yaani maelezo yake, ataambiwa tu kuna kitufe, na hataambiwa cha nini. Jaribuni leo: washeni kisoma skrini, fumbeni macho, na mtafute mahali pa kubadilisha mdhamini.

Mchana tutafungua kompyuta. Kila kundi lije na programu yake moja na orodha ya mambo yote ambayo mtumiaji hufanya ndani yake, mkiwa mmeyapanga kuanzia linalofanywa mara nyingi hadi linalofanywa mara chache. Msiguse Drawer kabla orodha hiyo haijakamilika. Asanteni sana, na sasa nayapokea maswali.